Beki wangu ameuza viatu vyake vya mpira

Mshauri,

Hujambo. Mimi ni kocha wa timu ya vijana mtaani, upande wa Ukunda, Kwale. Si kazi ya mshahara. Mchana natengeneza friji na viyoyozi, saa kumi na nusu jioni niko uwanjani, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Nina wachezaji 23, wa miaka 15 mpaka 19. Wengi ni Waislamu. Saba ni Wakristo, watoto wa watu waliokuja pwani kwa kazi za hoteli. Kwa miaka minne tumegombania jezi, nauli, na nani apige penalti. Dini haijawahi kuingia.

Mchezaji ninayekuandikia habari zake nitamwita Nne, kwa nambari ya jezi yake. Ana miaka 17. Aliacha shule kidato cha pili karo ilipokosekana. Mamake yuko Saudia kwa kazi za nyumbani, babake simjui. Anakaa na nyanyake. Aliyekuwa akimlea hasa ni mjomba wake, ambaye alichukuliwa usiku na watu wasiojitambulisha, Nne akiwa darasa la pili. Mpaka leo hajaonekana, si hai si maiti. Kwao jambo hilo halizungumzwi.

Tangu Ramadhani iliyopita kijana amebadilika. Hakai nasi tena baada ya mazoezi. Kipa wetu ni Mkristo, na hawa wawili walikuwa wakigawana chapati moja. Sasa kipa akimpa mkono, Nne anainama kujifanya anafunga kamba. Mwezi uliopita alirusha kwenye grupu letu la WhatsApp video ya kama sekunde 40: watu wenye bunduki, bendera nyeusi, kaswida, na maneno ya kuwaita wasio Waislamu maadui. Aliifuta baada ya dakika chache, lakini wengine walikuwa wamekwisha kuihifadhi. Usiku uleule mmoja akajibu kwa katuni ya kuutukana Uislamu. Siku hizi nusu ya timu inamwita "gaidi", mbele yangu, wakicheka.

Kapteni wangu ameniambia kwa siri mambo matatu. Kwamba kuna mtu Nne huzungumza naye Telegram usiku, humwita ustadhi, na hakuna aliyewahi kumwona. Kwamba mtu huyo amemtumia pesa mara mbili, shilingi 1,500 kila mara. Na kwamba Nne amesema atapata kazi ya boti Lamu, "karibuni". Halafu wiki jana nikajionea mwenyewe jingine: alikuja mazoezini na ndala. Nikamuuliza viatu viko wapi. Akasema ameuza.

Sasa nimebanwa kila upande. Babake kipa ameniambia nisipokwenda kituoni kufikia Ijumaa atakwenda yeye. Wazee wa mtaa wanataka nimtoe timuni, wanasema samaki mmoja akioza wameoza wote. Naibu wa chifu ameniomba orodha ya "vijana wa kuangaliwa". Nyanyake alinishika mikono akalia, akasema nikimpeleka polisi nitakuwa nimemzika kama mjomba wake. Yeye anafikiria kumpeleka kwa jamaa zao Tanga akapoe. Na mimi nilimwahidi kuwa sitasema.

Nikinyamaza na kikatokea kitu, damu iko mikononi mwangu. Nikisema naye akapotea, ni vilevile. Nifanyeje?

Kocha, Ukunda

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu Kocha,

Katika barua yako yote, kilichonisimamisha ni zile ndala. Video inatisha zaidi, najua. Lakini kijana wa miaka 17 hurusha video kwa sababu nyingi: kujionyesha, kutisha, kuona nani atashtuka na nani atamuunga mkono. Kuuza viatu ni jambo jingine. Beki anayeuza viatu katikati ya msimu ama ana njaa ya pesa, ama ameshajiona hatacheza tena hapa. Hayo mawili hayafanani hata kidogo, na kwa sasa hujui ni lipi. Babake kipa hajui, wazee hawajui, naibu wa chifu hajui. Uliye karibu ya kuweza kujua ni wewe.

Nikirudi kwenye barua: una kijana aliyeanza kuwachukia wenzake kwa dini yao, una wenzake walioanza kumchukia yeye, una mtu asiyeonekana anayetuma pesa na kuahidi kazi, na una watu wazima wanne, kila mmoja akitaka ufanye jambo lake kabla ya Ijumaa. Umevifunga furushi moja na kuviita "Nne". Hebu tulifungue.

Kwanza yale unayoyachukulia kuwa hakika. Unasema kijana amebadilika tangu Ramadhani, na nahisi ndani ya maneno hayo kuna hofu ya dini yenyewe. Kusali sana, kufuga ndevu, kufupisha suruali, kuacha muziki: hayo peke yake si dalili ya chochote, na ukiyahesabu kuwa dalili utapoteza vijana kumi wema ili umtafute mmoja. Kinachostahili jicho lako ni kufunga milango: kuacha marafiki, kukataa mkono wa mtu aliyekula naye, kuishi na siri yenye pesa ndani, kuuza vitu vyake, kutaja safari isiyo na tarehe. Nne anayo haya karibu yote, kwa hiyo sikwambii utulie. Nakwambia uangalie pahali pake.

Pili, wengi watakwambia ni umaskini, mpatieni kibarua. Kibarua kitasaidia. Lakini kumbuka shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa, na mmoja wa washambuliaji alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu kule Mandera. Babake alikuwa ameripoti kuwa mwanawe ametoweka. Aliripoti, lakini kijana alikuwa amekwisha kuondoka. Wakati ndio uliompita mzee yule, na wewe wakati bado unao: Nne anakuja uwanjani mara tatu kwa wiki, hata kwa ndala.

Tatu, huyo "ustadhi". Yote unayoyajua kumhusu umeyapata kwa kapteni, naye ameyapata kwa kuchungulia au kusikia. Huenda ni kweli tupu. Huenda pia zile 1,500 ni za mamake kupitia kwa mtu. Hili linaweza kujulikana bila kumgusa kijana. Kenya kitambulisho hutolewa ukitimiza miaka 18, kwa hiyo laini anayopokelea pesa yaelekea iko kwa jina la mtu mzima, na ningebashiri ni la nyanyake. Ujumbe wa M-Pesa huja na jina la mtumaji, tarehe, saa na nambari ya muamala. Hata ukifutwa, mwenye laini anaweza kuomba taarifa ya akaunti kwa *334#. Keti na nyanya, muitazame pamoja, muandike kwenye daftari. Asirudishe pesa, wala asiipigie nambari ile simu "kumkanya". Akipiga, upande wa pili utajua nyumba imeamka, na safari ambayo ingekuwa mwezi ujao inaweza kuwa kesho. Mueleze pia kwa upole kwamba kama laini ni yake, siku ya kuulizwa ataulizwa yeye. Kunyamaza hakumlindi mjukuu, na yeye mwenyewe kunamweka pabaya.

Hiyo kazi ya boti nayo inapimika. Kila pwani ya kushushia samaki ina BMU yake, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia pwani hiyo, na wavuvi na vyombo husajiliwa humo. Muulize Nne kama anavyouliza mtu mwenye wivu kidogo na kazi nzuri: chombo kinaitwaje? Nahodha ni nani? Kinashusha wapi, Lamu penyewe, Faza, Kizingitini, Kiunga? Mgao ukoje? Mabaharia hulipwa kwa mgao baada ya kutolewa gharama za mafuta na barafu. Tajiri anayemtumia pesa za mbele kijana wa Kwale ambaye hajawahi kuvuta jarife, na Lamu imejaa vijana waliozaliwa juu ya maji, ni tajiri wa ajabu. Halafu ni kusi sasa, bahari imechafuka, kazi zenyewe zimepungua. Akikupa jina la chombo, simu moja kwa mtu wa BMU inatosha. Asipokuwa na jina hata moja, usimcheke. Mwache alisikie pengo hilo kwa masikio yake.

Tena hana kitambulisho. Barabara ya Garsen kwenda Lamu ina vizuizi vya ukaguzi, na mabasi yamekuwa yakisindikizwa na askari. Kijana asiye na karatasi anayesema anakwenda kazini ama atashushwa njiani na kushikwa, ama kuna mtu ameahidi kumpitisha kwa njia nyingine. Muulize: "Utapitaje Garsen?" Jibu la swali hilo litakuambia zaidi kuliko saa nzima ya mahubiri. Cheti chake cha kuzaliwa nyanya akiweke mahali anapopajua yeye peke yake.

Sasa njia zilizo mbele yako. Nitazieleza na ubaya wake. Kuchagua ni kwako, maana wewe ndiye utakayekutana na watu hawa dukani.

Kumtoa timuni kuna faida moja ya kweli: wazazi watapumua na timu haitavunjika. Hasara yake ni kwamba saa sita kwa wiki alizokuwa mbele ya macho ya watu 23 zitahamia kwenye simu. Na yule wa Telegram atakuwa amepata ushahidi alioutaka: "Si nilikwambia hawakutaki?" Wazee wako wanasema samaki mmoja akioza wameoza wote. Sawa, ila samaki hajui kama ametupwa. Ukiona hapana budi kumpumzisha, mpe muda wenye mwisho, sema mechi mbili, kwa kosa lenye jina, yaani ile video, na katika mechi hizo awe na kazi: kushika bendera, kuchanganya chokaa ya mistari, kuandika wafungaji. Na aliyetuma katuni apewe adhabu ileile, siku ileile. Hili la pili likisahaulika, la kwanza ni bora lisifanywe.

Kumpeleka Tanga kunaeleweka. Nyanya anataka kumwondoa kwenye moto. Lakini moto uko mfukoni mwake, utapanda basi pamoja naye. Na tangu Oktoba 2017, vita vilipoanza Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, kuna vijana wa pwani hii, wa Tanzania na wa Kenya, waliovutwa huko. Kwa hiyo kwenda kusini si lazima kuwe kujitenga na jambo hili. Safari hiyo inaweza kufaa kwa masharti: jamaa wa kumpokea ajue kisa chote, kuwe na kazi maalumu inayomngoja, na kijana akubali mwenyewe. Akisukumwa na machozi, atashuka njiani.

Polisi. Hapa nataka twende polepole, kwa sababu hofu ya nyanya haikutoka hewani. Pwani imeona watu wakichukuliwa na wasirudi, na mashirika ya haki za binadamu yamerekodi visa hivyo miaka nenda miaka rudi. Upande wa pili, kuna saa ambayo kunyamaza ni kumwacha afe. Ningeweka mstari hapa: akitaja siku ya kuondoka, asiporudi nyumbani usiku mmoja, akitaja mahali au watu wa kudhuriwa, au akionekana na silaha. Likitokea moja ya hayo, hesabu saa, usihesabu siku.

Na tofauti iko kwenye namna ya kwenda. Asiende mtu mmoja, asiende usiku, wala habari zisipelekwe kwa kunong'oneza. Nyanya kama mlezi, wewe, na wakili. Mombasa kuna HAKI Africa na MUHURI, mashirika yaliyozoea kufuatilia habari za watu waliokamatwa au kupotea. Wapigie kabla, si baada. Mkifika, habari iandikwe kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo, na mtoke na nambari yake. Nne akishikwa, Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au siku ya kwanza ya kazi ya mahakama, na kinampa haki ya wakili. Mahakama inaweza kuongeza muda kwa kesi za ugaidi, lakini ni mahakama, si afisa. Na kwa kuwa hajatimiza 18, kwa Sheria ya Watoto ya 2022 bado ni mtoto. Asihojiwe peke yake. Kuna pia njia ya katikati: Kwale imekuwa na mpango wa kaunti wa kukabili itikadi kali tangu 2017, unaowaweka maafisa, viongozi wa dini na mashirika kwenye meza moja. Muulize wakili kama mezani kwa sasa kuna mtu unayeweza kumpelekea shida bila kuanza na jina.

Orodha ya naibu wa chifu usiijaze. Mjibu kwa adabu: una timu, huna orodha, kukiwa na hatari ya kweli utakwenda wewe na familia mahali panapostahili. Jina likishaandikwa kwenye karatasi ya namna hiyo, hujui litafika wapi, na sijui ofisi yenye kifutio.

Ahadi yako kwa nyanya inakukaba, nami nakuomba usingoje mpaka uivunje. Rudi kwake uibadilishe mbele yake: "Nyanya, sitampeleka mjukuu wako kwa mtu wa kumdhuru. Lakini akilala nje usiku mmoja bila sisi kujua alipo, sitanyamaza, na nataka tupange leo tutakwenda kwa nani." Atalia tena. Lakini atajua ahadi ilipoishia, na pengine atalala.

Bado njia ya kuzungumza na Nne mwenyewe. Wengi huanza nayo na kuiharibu siku ya kwanza. Kinachoiharibu zaidi ni kikao: wazee watano, kijana mmoja, aya na hadithi zikimiminika. Ataitikia "ndiyo" zote na kutoka akiwa amekata shauri. Kingine ni kujadili dini naye. Huyo wa simu amempa majibu ya hoja zako zote kabla hujazitoa. Ukishindwa hoja moja ameshinda yeye. Mchukue mkiwa mnatembea, baada ya mazoezi, umbebeshe mfuko wa mipira, dakika 20 tu. Watoto wa kiume huongea vizuri zaidi wakitazama mbele kuliko wakitazamwa usoni. Uliza, kisha nyamaza. Akisema jambo la chuki, usiruke; sema "hilo sikubaliani nalo, lakini endelea". Usimwambie umeambiwa na nani, maana utamchoma kapteni. Anza na ulichokiona wewe: ndala, na mkono wa kipa.

Na muulize habari za mjomba wake.

Umeandika kwamba kwao halizungumzwi. Fikiri basi: mtoto wa darasa la pili anaamka, mtu aliyekuwa akimpeleka shule hayupo, hakuna kaburi, hakuna kesi, na watu wazima wote wananyamaza. Miaka tisa baadaye sauti kwenye simu inamwambia, "Najua walichomfanyia mjomba wako." Huenda huyo ndiye mtu mzima wa kwanza kumuuliza. Kama ni hivyo, silaha yake kubwa si ile video wala zile 1,500, na kila tunapomwambia Nne asahau, tunamwongezea nguvu. Usimwambie asahau. Mwambie ana haki ya kukasirika, kisha mwonyeshe kwamba kuna pahali pa kuipeleka hasira hiyo: mashirika niliyoyataja hurekodi visa vya waliopotea, na kuna mamlaka huru ya kusimamia polisi, IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, inayopokea malalamiko. Sikuahidi kwamba mjomba atapatikana. Usimwahidi naye. Lakini kwenda na nyanyake kuandikisha jina la mjomba, kwa tarehe na maelezo, ni jambo ambalo hakuna mtu wa Telegram anayeweza kumpa.

Akikubali kusikiliza mtu wa dini, chagua kwa makini. Tangu polisi walipovamia Masjid Musa, Mombasa, Februari 2014, kuna vijana wanaowaona mashehe wanaokaa jukwaani na maafisa kuwa watu wa serikali. Mtafute ustadhi mwenye elimu asiyejulikana kwa picha hizo, azungumze naye peke yake, pasipo hotuba ya Ijumaa ya kumlenga. Kijana akihisi anasemwa mimbarini, msikiti wenyewe ataukimbia.

Babake kipa usimhesabu kama adui. Nenda kwake kabla ya Ijumaa, nyumbani, ukae, unywe chai yake. Garissa watu waliulizwa dini kabla ya kupigwa risasi. Mpeketoni, Juni 2014, ikawa vivyo hivyo. Mzazi Mkristo anayeogopa ana sababu. Mweleze mstari uliouweka wa lini mtakwenda kituoni na jinsi mtakavyokwenda, na umwombe siku saba, si milele. Anaweza kukataa. Akikataa, angalau mwombe muende pamoja, na wakili, asiende na jina la mtoto peke yake. Mjulishe pia kwamba mwanawe amekosewa, na kwamba utalisema hilo mbele ya timu. Nahisi hakuna aliyemwambia.

Kwa timu, andika ujumbe mmoja mfupi kwenye grupu, ukiwa wewe peke yako mwenye ruhusa ya kuandika siku hiyo: video na katuni zimevunja sheria ya timu, kila aliyezihifadhi azifute leo, atakayeita mwenzake "kafiri" au "gaidi" hachezi Jumamosi. Basi. Usiongeze mawaidha. Waeleze uso kwa uso kwa nini wafute: chini ya Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012, anayesambaza vitu hivyo anaweza kujikuta matatani hata kama alikuwa akivionyesha kwa mshangao. Wewe andika daftarini tarehe, saa na yaliyosemwa. Usizunguke na video yenyewe simuni.

Usiwalazimishe Nne na kipa kupeana mikono. Mkono wa kulazimishwa ni maigizo, na timu nzima itaangalia. Pasha misuli kwa jozi za kura kila siku, kwa wote 23, ili wakikutana iwe ni kura iliyowakutanisha. Wakipata nafasi ya kukaa, wasimulie juu ya basi la Mandera, tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak. Washambuliaji waliwaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo; abiria Waislamu wakakataa. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi akafariki Januari 2016. Simulia ilivyokuwa, usieleze maana yake.

Kapteni mlinde. Ni mtoto naye. Mwambie amefanya vyema na kwamba kazi yake imekwisha hapo. Asichungulie simu tena, asijifanye anaunga mkono ili apate habari. Wewe pia usifungue akaunti ya bandia kumnasa huyo ustadhi. Wako waliojaribu kitu kama hicho wakaishia kuwa washukiwa, na maelezo ya "nilikuwa nikichunguza" hayana uzito kituoni. Mtafute mtu mzima mmoja unayemwamini ajue kila hatua unayochukua, na daftari lako aone.

Na vile viatu: uliza vilinunuliwa na nani. Ukunda si kubwa kiasi hicho. Kama aliviuza kwa sababu nyumbani hamkuwa na unga, utajua kwa aliyenunua, kwa bei na siku, na barua yako yote itabadilika sura. Ukiweza kuvikomboa, usimkabidhi mbele ya watu. Viweke kwenye mfuko wa mipira Alhamisi, siku utakayombebesha.

Jina lililo kwenye ule ujumbe wa M-Pesa mkishaliona, niandikie kabla ya Ijumaa.